Bawa Kutoka Pangani

Pangani,
11 Februari 2024

Dada Anande,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee Mama ukishuka Nduruma. Mwambie mahindi aliyonifungia Krismasi tumeyala, tukabaki tunatazama magunzi. Mimi ni mzima. Joto la huku linanichemsha, lakini ndiyo kazi niliyoitaka mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlalamikia. Vipi karakana? Mwanahalima bado anakuimbia taarabu mpaka sindano zinakatika?

Nice hajambo. Yuko mapokezi, anaandikisha wageni na kuwapangia vyumba, na wageni wanampenda. Kifua kimetulia tangu aje, huku hakuna lile vumbi lenu la Moshono. Sharti lako nalikumbuka, dada: ofisini ndiyo, majini hapana. Anakusalimia sana.

Sasa gunia hili. Najua maji unayoyajua wewe ni ya ndoo, kwa hiyo nikueleze kidogo. Mzamiaji anabeba mtungi wa hewa mgongoni. Kati ya mgongo na mtungi kuna bamba la chuma, na nyuma ya bamba kunafungwa mfuko wenye umbo la kwato ya farasi. Huo tunauita bawa. Ukibonyeza kitufe, hewa inatoka mtungini inaingia kwenye bawa, unaelea. Ukivuta kamba, hewa inatoka, unashuka. Bila bawa mtu ni jiwe.

Hili nililokutumia ni la mteja wetu, Mjerumani mmoja mpana, anakuja kila mwaka. Lilichanwa na matumbawe. Wewe unashona mahema yanayokaa mbugani mvua na jua, na mashine ya kuunganisha turubai kwa hewa moto unayo, nikaona kwa nini tuagize Ulaya. Lishone jipya. Liwe dogo kuliko hili, karibu nusu yake, na la kitambaa cha safu moja, jepesi. Mikanda ya zamani nimeiacha humo uone inavyokaa.

Usihangaike kunipigia, mnara wa huku unashika ukitaka wenyewe. Na Baba alituzoesha kwamba jambo la maana linaandikwa. Basi utaniandikia, ubandike bahasha juu ya gunia kama kawaida yetu, nitaifuata ofisi ya basi Tanga.

Mdogo wako,
Aminieli


Moshono, Arusha,
25 Februari 2024

Aminieli mdogo wangu,

Marahaba. Mama anaendelea vizuri, goti tu linamsumbua asubuhi. Anauliza utaoa lini, nimemwambia umeshaoa pweza. Mwanahalima anaimba kweli, na safari hii sindano zilizokatika ni za kwangu mimi nisiyeimba. Tuna mahema ya kambi moja ya Tarangire ya kumaliza kabla ya masika.

Gunia lilifika na nimelifungua mezani. Nataka tuelewane, Aminieli. Mimi nimeshona na kuziba mahema tangu Nice hajazaliwa. Nimeletewa yaliyochanwa na migunga, yaliyotafunwa na fisi, na moja lililokaliwa na tembo. Kitambaa kikichanwa na kitu cha porini, nyuzi zinavutika kwanza ndipo zinakatika, zinaacha manyoya. Hili lako halina unyoya. Ni mkato mmoja, safi. Umeanza juu kwa nguvu, ukaenda chini ukiyumba, kama mkono wa mtu anayekata huku anavutwa. Matumbawe ya huko kwenu yanashika kisu?

Nikalikung'uta. Chumvi iliyoanguka mezani ingetosha kupikia makande. Chumvi ikikaukia ndani ya mfuko inakuwa punje kali, kila ukiukunja inausaga. Hamlisuuzi? Na kitufe ulichokieleza vizuri hivyo nimekibonyeza, kikazama, hakikurudi. Mpaka leo kimezama. Mbona hukunitajia kwamba kimeharibika?

Tuje kwenye kazi. Safu moja nimekuelewa: jepesi, linakauka upesi, linakunjika dogo. Lakini hapo kitambaa chenyewe ndicho kinachoshika hewa, kikitoboka popote ni la kutupa. Mimi ningeshona safu mbili. Ganda gumu nje, lenye zipu, na ndani kibofu peke yake, kama mipira ya ngozi tuliyochezea shule. Likipata tundu unafungua zipu, unabadilisha kibofu, ganda linakuzika. Najua ubaya wake. Ni zito, maji yanakaa katikati hayakauki, na zipu ikishonwa na mtu mvivu inauma kibofu. Mimi si mvivu.

Halafu huyo Mjerumani wako. Mtu mpana, bawa dogo. Mimi nikiletewa vipimo vya mtu mnene simkatii suruali nyembamba. Nieleze.

Na Nice. Ananitumia ujumbe wa simu tu, nikipiga hapokei. Ujumbe wenyewe unaanza "Mama mpendwa". Tangu lini? Huyu mtoto ananiita Mami tangu anaota meno. Mwambie achukue kalamu aniandikie mistari miwili, aitie kwenye bahasha yako. Miwili tu.

Dada yako,
Anande


Pangani,
17 Machi 2024

Dada Anande,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, ungekuwa polisi Arusha ingekuwa na usalama. Mwambie Mama pweza ananipikia vizuri.

Ni kweli ni kisu. Kijana wa kazi alifungua boksi bila kuangalia, kisu kikapita. Mimi niliambiwa matumbawe na nikaandika nilichoambiwa. Kitufe kimeganda kwa chumvi, ni kitu kidogo, nitabadilisha. Suala la kusuuza umenishika. Maji ya chumvi yanaingia ndani ya bawa kila ukitoa hewa, inabidi kulijaza maji baridi, kulitikisa, kuyamwaga, kila siku, na wageni wakiwa wengi vijana wanaruka. Nimeshasema nao.

Kuhusu udogo, hilo nalijua kuliko wewe, niruhusu nijivune. Mtu mnene anaelea mwenyewe, mafuta hayazami. Hahitaji bawa kubwa. Wenye maduka wananunua makubwa kwa sababu kubwa linamfaa kila mtu, mnene na mwembamba, chuma kizito na chepesi. Lakini kubwa lina hatari yake. Likianza kujaa na hewa haitoki upesi, linaendelea kujaa, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyomo inavyotanuka, nalo linakuvuta zaidi. Dogo likijaa limejaa, kuna mwisho. Mimi nilikuwa nabisha kama wenzangu, nikasema moja kubwa linatosha wote, mpaka...

Basi shona safu mbili kama unavyotaka. Ila dogo.

Nice alitaka sana kukuandikia, lakini mlango wa stoo ulimbana kidole cha shahada, mkono wa kulia, kimevimba hawezi kushika kalamu. Si kitu kikubwa. Kifua kiko vizuri. Wiki hii yuko kisiwani na wageni.

Mdogo wako,
Aminieli


Moshono,
14 Aprili 2024

Aminieli,

Marahaba. Huku mvua imekuja kwa hasira, barabara ya kwetu imekuwa uji na Mlima Meru hatujauona tangu Pasaka. Mama yuko kwangu mpaka mvua zipungue, analalamika chai yangu nyepesi. Ndiyo maana nimechelewa.

Bawa limekamilika. Ganda nimelikata kwenye kitambaa cha mabegi ya kubebea mahema, kile ambacho mtu akikiburuta kwenye lami kinamcheka. Mishono ya nje nimepiga mara mbili kwa uzi wa nailoni, uzi wa pamba ukikaa na maji unaoza ukikuangalia. Zipu nimeifunika kwa ulimi wa kitambaa ndani, ili isiguse kibofu. Nimeliviringisha vizuri, nimefunga gunia kwa kamba ya katani. Mikanda nimeweka mipya.

Sina swali kuhusu kisu wala kijana wa kazi. Nice mpe pole ya kidole.

Kitu kimoja tu. Uliwahi kuniambia kwamba bawa jipya mnalijaza hewa kwanza, mnalizamisha kwenye pipa la maji na kulikandamiza, mnaangalia kama linatoa povu, ndipo mtu avae. Fanya hivyo. Halafu mvalishe huyo mteja wako, uniandikie lilivyomkaa na linavyoshika hewa. Niandikie kwa urefu, kazi hii ni mpya kwangu na nataka kujua nilipokosea.

Barua yako ya mwisho ilifungua mdomo ikanuka dawa ya hospitali. Za zamani zilikuwa zinamwaga mchanga mezani, Mwanahalima anafagia huku ananuna. Nimeona nikutajie.

Anande


Pangani,
8 Mei 2024

Dada,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Nafurahi yuko kwako.

Bawa nimelipokea na ni zuri sana, hongera. Tumelizamisha kwenye pipa kama ulivyosema, halikutoa povu hata moja. Mteja amelivaa, limemkaa sawasawa, mikanda imemtosha, na amezama nalo wiki nzima bila shida. Linashika hewa vizuri mno. Amesema hata Ulaya hajaona mshono kama ule.

Hiyo harufu ni ya dawa tunayosafishia barakoa za wageni. Unanichunguza kama mkwe.

Nice hajambo, anasema Mama mpendwa usiwe na wasiwasi.

Aminieli


Moshono,
19 Mei 2024

Aminieli mwana wa Elihuruma,

Nakuita kwa jina la baba ili ujue ninapoandika hapa sicheki.

Kibofu cha bawa lile kinaning'inia ukutani kwangu, kwenye msumari, juu ya cherehani. Sikukitia. Nilishona ganda, nikafunga zipu, nikatia guniani ganda tupu. Nilitaka uniandikie, "Dada umezeeka, umesahau kibofu." Ungeandika hivyo ningejua kwamba angalau kuna pipa, kuna maji, kuna mtu aliyevaa. Wewe umeniandikia kwamba ganda tupu linashika hewa vizuri mno. Kwamba Mjerumani amezama nalo wiki nzima. Na mikanda iliyomtosha Mjerumani wako mpana nimeikata kwa kiuno cha binti mwembamba, hata mimi hainizunguki.

Tena barua hiyo ilipofika nilikuwa na Mwanahalima, nikamsomea. Akaweka mkasi chini, akasema, "Mama Nice, mimi kwetu Pangani. Masika yamekolea hivi nani anazama? Mto unamwaga tope, maji yanakuwa chai ya maziwa. Kambi zote zinafungwa, wazungu wanarudi kwao." Kaka yake, Najim, anapokea mizigo ofisi ya basi hapo Tanga. Akampigia. Najim akasema gunia liko chini ya meza yake, na fundo la katani ni lilelile. Ulikuja ukachana bahasha, ukasoma umesimama, ukamwambia akutunzie gunia. Akasema umekonda.

Nitakwambia nilianza lini kuogopa, maana nimeogopa peke yangu tangu Februari. Ile mikanda ya zamani uliyoiacha "nione inavyokaa" niliiona. Mkanda wa kiuno una alama pale chuma kilipokuwa kinabana, umechubuka hapo na si pengine. Nikachukua utepe nikapima. Kile kipimo sikuhitaji kukiandika popote. Nimemshonea sare za shule huyo mtoto, nimemshonea gauni la kipaimara, nikalibana tena mara mbili kwa sababu alikuwa amekonda kwa pumu. Nikajiambia wasichana wembamba ni wengi duniani.

Halafu nikageuza mkanda wa bega. Kuna kitanzi kidogo cha kushikia bomba kimeshonwa kwa mkono. Mshono wa kurudi nyuma, niliomfundisha mimi kwenye meza hii hii, lakini umelala upande wa pili, kama unavyolala kwa mtu anayeshona kwa kushoto. Nimeishi na mishono hiyo iliyolala vibaya tangu yuko darasa la tatu. Nice anashona kwa kushoto. Nice anaandika kwa kushoto, Aminieli. Wewe umembana kidole cha mkono wa kulia ukaniambia hawezi kushika kalamu.

Hilo bawa lilikuwa mgongoni mwa mwanangu. Mtu alilikata kwa kisu akiwa amelivaa. Nilikupa huyo mtoto na sharti moja tu, mbele ya Mama, nawe ukasema, "Dada, majini hatatia hata unyayo." Nikatulia kwa sababu ni wewe uliyesema.

Nimekuchukia mara nyingi mwezi huu, na katikati ya kuchukia nawaza labda na wewe umeumia, nakuchukia tena kwa kunifanya niwaze hivyo. Mama hajui. Nachanganya chai yangu nyepesi namwambia Nice hapatikani, mtandao mbovu.

Sitaki salamu. Sitaki habari za pweza. Mwanangu yuko wapi, na anapumua?

Anande


Tanga,
30 Mei 2024

Dada Anande,

Anapumua. Nimeanza na hilo.

Tuko Tanga mjini, chumba cha kupanga nyuma ya hospitali. Sijakanyaga Pangani tangu Februari ile. Nilikuwa naandika Pangani juu ya karatasi nikiwa nimekaa chini pembeni ya kitanda chake.

Sharti lako nililivunja mwaka jana, mwezi wa kumi. Sikulivunja siku moja, nililivunja kidogo kidogo. Alianza kuosha vifaa. Halafu akawa anaingia ufukweni mpaka magotini. Akawa ananiambia, "Anko, pumu imeisha, sijashika dawa ya kupuliza tangu nije. We nishushe mara moja tu nione, halafu basi." Nikamshusha. Dada, nikikuambia alikuwa mahiri utaniona sina haya, lakini alikuwa mahiri. Alitulia chini ya maji kuliko alivyowahi kutulia kwako na kwangu. Ikawa kila Jumapili baada ya ibada. Kile kitanzi alishona yeye, alisema bomba linamcheza.

Siku yenyewe nilimvalisha lile kubwa. Yote tuliyonayo ni makubwa, ni mimi niliyemshauri mwenye kambi anunue hivyo. Na lilikuwa halijasuuzwa. Tulipofika chini akabonyeza kitufe kidogo tu kujiweka sawa, kikazama, hakikurudi. Hewa ikaendelea kuingia. Nilimshika mikanda nikavuta kamba ya kutolea, ikatoka kidogo kuliko iliyokuwa inaingia. Nikataka kuchomoa bomba linaloingiza hewa, limeganda. Tukawa tunapanda wote wawili, yeye ananiangalia. Wazamiaji wanafundishwa wasibane pumzi wakipanda, watoe hewa njia nzima, vinginevyo inatanuka ndani ya kifua inakichana. Aliniambia baadaye kifua kilikaza ghafla, kama zamani, hakuweza kutoa. Nikachomoa kisu nikakata bawa. Uliusoma mkato vizuri, nilikuwa nakata huku navutwa. Tulikuwa tumeshapanda sana. Alipofika juu alikohoa povu la damu.

Pafu la kushoto lilisinyaa. Walimwekea mpira wa kutoa hewa ubavuni, kukaingia usaha, wakaurudia. Machi yote sikujua kama atapona. Zile barua za utani niliziandika hivyo hivyo. Ujumbe wa simu ni mimi. Asingeweza kukupigia, ungesikia anavyopumua kati ya neno na neno, na alinishika mkono akanilazimisha niape sitakwambia. Alisema, "Mami atakufa."

Sasa ni nafuu. Mpira umetoka. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Daktari amempa glavu za hospitali, anafunga mdomo wa glavu kwenye mrija, anapuliza mpaka vidole visimame, kila asubuhi na jioni, ili pafu lifunguke. Amechoka nazo. Anasema zinamcheka. Jana hakupuliza, aligeukia ukutani. Daktari ananiambia asipopuliza pafu litakaa hivyo hivyo, limejikunja. Mimi nikimbembeleza ananiambia niende nikasuuze vifaa.

Kuna jambo nimelielewa juzi nilipomsomea barua yako. Ndiyo, nilimsomea yote. Kukutumia lile bawa halikuwa wazo langu. Ningelitupa baharini. Ni yeye, siku ya kwanza alipoweza kusema, akaniambia, "Lipeleke kwa Mami ashone jipya, dogo, na mikanda usiitoe." Nilidhani homa. Nilidhani anaionea huruma kambi, nikabuni Mjerumani wa kulibeba. Juzi nilipofika pale kwenye kitanzi, mshono uliolala upande wa pili, alifumba macho akasema, "Nilijua ataona." Aliniapisha nisikwambie, na wakati huo huo akakutumia mikanda yake. Sijui kwa nini nimechelewa kuelewa hivi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Niambie tu nifanye nini, nitafanya.

Mdogo wako,
Aminieli


Tanga,
5 Juni 2024

Aminieli,

Mama anakusalimu. Nimemwambia kila kitu. Aliomba, halafu akainuka akaanza kunifungia safari: maharage, ndizi mbivu, siagi, na shuka lake la kimasai, kwa sababu anaamini Tanga kuna baridi. Mwanahalima amebaki na funguo za karakana. Alilia kuliko mimi.

Barua yako ilinifikia jana asubuhi. Niliisoma nimekaa kwenye turubai la mtu, nikasimama, nikakitoa kile kibofu ukutani. Ninacho. Nimekuja nacho kifuani, ndani ya kanga, hakikukaa kwenye buti la basi. Kile chenyewe ulichotaka, kidogo, cha kiuno chembamba. Nilikiunganisha kwa hewa moto, nikakipima kwenye pipa letu la maji ya mvua, hakitoi povu. Na nimekifungia lile bomba la bawa la zamani, lenye sehemu ya kupulizia kwa mdomo, ya dharura, ulinieleza mwenyewe zamani. Ukiacha kupuliza inajifunga, hewa hairudi.

Hakiendi baharini. Nice atakijaza kwa pumzi yake. Glavu ikitoka hewa inasinyaa, mtu anaanza upya kila siku, ndiyo maana inamcheka. Hiki, pumzi anayoitia leo kesho ataikuta. Nimeshamuuliza daktari wa kwetu Moshono, amesema polepole tu, bila kulazimisha, na tumwonyeshe daktari wake kwanza. Siku kitakapojaa kikasimama, tutakitia kwenye lile ganda, tutafunga zipu, na tutapanda basi kurudi Arusha. Anataka kuchukia vumbi la Moshono, atalichukia akiwa nyumbani.

Kwako wewe bado nina hasira, Aminieli. Sijui itaisha lini, usiniulize. Lakini nimefikiria njia nzima kutoka Moshono mpaka hapa kwamba uliukata ule mfuko mnavutwa, na hukumwachia. Hilo nalo nimelibeba, liko pamoja na hasira.

Barua hii haikubandikwa juu ya gunia lolote. Nimeiandikia hapa ofisini, kwenye meza ya Najim, na nimemwomba akukabidhi ukija, kama kawaida yetu, uisome umesimama kama alivyosema unavyosoma. Niko kwenye benchi nyuma yako, karibu na maboksi ya nyanya. Nimekuangalia tangu mstari wa kwanza. Nataka nione kama umekonda kweli.

Kunja karatasi, chukua lile gunia chini ya meza, unipeleke kwa mwanangu.

Dada yako,
Anande